Usimpandishe Mama Jukwaani

Kijijini, Kharumwa
Jumanne, 14 Machi 2023

Kaka yangu Deusdedit,

Shikamoo kaka. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima hapo Kalangalala, wewe, wifi Aneth na watoto, na kwamba kile kikohozi chako cha vumbi la chaki kimekupungukia. Sisi huku hatujambo. Mvua zimekuwa za kusuasua; mahindi ya bondeni yamesimama vizuri, ya juu yanasikitisha, lakini njaa hatuna. Mume wangu Sostenes anaendelea na duara lake, lile shimo lao la machimbo, dhahabu anaiona kwa wenzake. Blessing ameota meno mawili ya chini na kila anachokishika anakitia mdomoni. Zaidi ya yote nauliza hali ya Mama. Anakula? Analala? Anazungumza na wifi, au anakaa kimya tu?

Najua utashangaa kupata barua wakati huu ambapo watu wanaandikiwa barua na mahakama tu. Lakini wewe simu yako huipokei mpaka uiweke sauti kubwa, nyumba nzima isikie na jirani naye apate lake. Haya si maneno ya sauti kubwa. Anayekuletea ni Sostenes mwenyewe. Bahasha nimeifunga kwa gundi, nawe nakuomba uisome peke yako na uimalize kabla hujampigia simu mtu yeyote, hasa Edson.

Nikuambie wazi, kaka, nimekasirika, na adabu ya mdogo kwa mkubwa haitanizuia leo. Jumapili ulinipigia ukiwa na furaha kama mtu aliyepata cheo. Ukanieleza kwamba Edson wa shirika amefika kwako, kwamba Jumamosi hii kuna kongamano mjini Geita la kupinga unyanyapaa dhidi ya wazee, kwamba Mama ataketishwa kwenye kiti cha mbele kama mama aliyefukuzwa na wanakijiji kwa sababu ya macho yake, nawe utasimama pembeni yake kueleza. Kurasa sita umekwisha kuandika. Nakufahamu tangu ukiwa kiranja. Ukipewa kipaza sauti, hata umeme ukikatika wewe unaendelea. Siku nyingine ningecheka. Nilikuuliza kama Mama amekubali, ukanijibu kwamba Mama hakukataa. Hebu niambie, Mama wetu alishawahi kukukatalia kitu gani wewe, kifungua mimba wake?

Ukasema pia kwamba lisilosemwa huota mizizi, ukanikumbusha habari za shangazi Ng'washi. Hukuwa na haja ya kunikumbusha. Nilikuwa na miaka tisa asubuhi ile tulipoambiwa shangazi amehamia Ushirombo kwa ndugu, na nilipouliza ni ndugu gani hao, Baba akanitoa kwenye chakula. Tulikaa miaka kumi na zaidi bila jina lake kutajwa uani kwetu. Ni Paskalina jirani ndiye aliyenieleza nikiwa mtu mzima: watoto wa nyumba moja walikufa wakifuatana, ramli ikapigwa, shangazi akachomewa nyumba, na huko Ushirombo alifia kwa watu asiowajua. Kila mtu alijua na hakuna aliyefungua mdomo. Ukimya ule ndio ulionivalisha mimi kizibao cha shirika. Kwa hiyo usidhani nakuandikia kutetea ukimya.

Lakini nimesema miaka minne, kaka. Nimesema kwenye mikutano ya kitongoji, shuleni, mnadani, kanisani baada ya misa. Wewe kijiji unakiona Krismasi, ukila pilau na kuondoka. Mimi niliyebaki nataka nikueleze maneno yetu yamezaa nini.

Unajua wanawake wazee wa huku wote wana macho mekundu. Kuni ziliisha tangu sisi wadogo. Wanapika kwa mavi ya ng'ombe makavu na mashina ya pamba, ndani ya nyumba zisizo na dirisha, miaka arobaini, hamsini. Moshi ule hata mbuzi anaukimbia. Wapo waliosemwa kwa siri kwa ajili ya macho hayo, siwezi kukataa, na shangazi ni mmoja wao. Lakini Mama wetu hakuna aliyekuwa akimtazama macho. Alikuwa Mama Deus, mama mwenye ulimi mkali na mtama mzuri. Kuku wa Maganga wakiingia kwenye mtama wake anamtukana Maganga na uenyekiti wake wa kitongoji, Maganga naye anamrudishia, na kesho yake utawakuta wanakunywa togwa kwenye kibuyu kimoja.

Ndipo akaja Edson kutoka Shinyanga mjini. Kijana mpole, sina ubaya naye mwenyewe, anaamkia kila mtu na viatu vyake havishiki vumbi sijui kwa nini. Alisema ujumbe bila sura haushiki, anatafuta bibi mmoja awe sura ya mradi. Nikamtaja Mama. Hakuna aliyenilazimisha. Nikaenda mimi mwenyewe kumweleza Mama, naye akauliza tu kama jambo hilo litanisaidia kwenye kazi yangu, nikasema litanisaidia, akatia alama ya dole gumba kwenye karatasi yao. Siku ya picha alivaa khanga yake ya Pasaka akawa anacheka. Edson akamwomba asicheke. Akasogeza kamera mpaka yakabaki macho na mikunjo.

Picha ile ikawekwa kwenye fulana, kwenye mabango, kwenye kalenda. Chini yake waliandika kwamba macho mekundu si uchawi, na neno la mwisho wakalipa herufi kubwa kuliko mengine, nafikiri aliyechora aliona linavutia. Nilisimama mbele ya ofisi ya kata siku bango lilipobandikwa. Mzee mmoja asiyejua kusoma alimuuliza mjukuu wake pameandikwaje chini ya Mama Deus. Mtoto akaangalia, akamjibu kuwa pameandikwa uchawi. Nilimkimbilia mzee yule nikamsomea sentensi nzima, akaitikia kwa kichwa, akaondoka zake huku akigeuka kuliangalia.

Baada ya hapo kila mwezi mkutano, na kila mkutano maneno yale yale. Shuleni wakatunga igizo; watoto wakajipaka maji ya rangi nyekundu kuzunguka macho, wengine wakawakimbiza kwa fimbo, mwisho mwalimu akaingia kusema hivyo ni vibaya. Mwisho ule wa mwalimu watoto waliuacha shuleni. Njiani wanacheza kule kukimbizana. Kaka, mimi na wewe tulicheza kila mchezo wa kipumbavu ulioko chini ya jua, huo hatukuwahi kuujua.

Na watu wazima nao wakabadilika, ila kwa adabu. Walianza kumwamkia Mama kwa sauti kubwa kutoka mbali, kisha wanapita haraka. Kuku wa Maganga walipoingia tena kwenye mtama, Maganga alikuja mwenyewe na debe la mtama wake kulipa, ameinamisha kichwa, hakusema hata neno moja la kuudhi. Mama alinifuata jikoni jioni ile akaniuliza kama anaumwa ugonjwa ambao tunamficha, maana siku hizi hakuna anayegombana naye. Nilicheka. Halafu nikaenda kuandika kwenye ripoti ya shirika kwamba mtazamo wa jamii umebadilika. Niliandika hivyo, kwa mkono huu huu ninaokuandikia.

Paskalina, aliyeolewa mwaka mmoja na Mama, aliacha kuja kupika pamoja naye. Nilipomfuata kumuuliza, hakunizungusha. Aliniita mayu, yaani mama, kama anavyoniita tangu utoto, akanieleza kwamba macho yake ni mekundu kama ya Mama, kwamba zamani yalikuwa macho tu, na sasa akikaa karibu na Mama watu wanaangalia mara mbili. Alisema hakuna aliyemwambia Mama ni mchawi, lakini hakuna tena anayeweza kumwona bila kulikumbuka neno hilo. Mtu mmoja tu kati ya hao wote alitenda jambo la maana, naye hajawahi kuhudhuria semina hata moja. Liaquat wa duka la Kharumwa aliitoa kalenda ukutani kwake, akasema mama anayemuuzia karanga tangu enzi za baba yake hawezi kuning'inizwa kati ya sabuni na viberiti.

Nilimweleza Edson yote haya. Nikamwomba, badala ya mabango, atuletee mtaalamu wa macho hata siku moja, na majiko yenye bomba la kutolea moshi, hata ya udongo, tutayajenga wenyewe. Akanijibu kwa upole wake kwamba mradi wao ni wa elimu, hauna fungu la vifaa, na kwamba tathmini imeonyesha mwamko umepanda. Nikamwambia mwamko hautoi moshi ndani ya nyumba. Akaandika maneno yangu kwenye daftari lake. Ni mwaka sasa, na nadhani bado yamo humo humo daftarini.

Hapo utaniuliza, kama niliona yote hayo, kwa nini niliendelea kukivaa kile kizibao. Nilikipenda. Nilipenda kuitwa mwezeshaji, nilipenda kusimama mbele ya wanaume na kuwaambia makosa yao wakanyamaza. Ni raha kubwa kukemea dhambi usiyoidhania kuwa ni yako.

Sasa kaka, kaa chini kama umesimama.

Kurasa zako sita zinasema Mama alifukuzwa na wanakijiji. Mama alifika kwako wiki tatu zilizopita na mfuko wake wa nguo, hakusema kitu, wewe ukajaza mwenyewe, na mimi nikakuacha ujaze. Hakuna mwanakijiji aliyemfukuza Mama. Si Maganga, si Paskalina, si wale watoto wa shule. Aliyemfukuza ni mimi.

Ilikuwa Jumatano, karibu na adhuhuri. Blessing alikuwa na homa tangu asubuhi, nikampa Mama amshike ili nichote maji ya kumpoza. Niliporudi na beseni nilimkuta mtoto amegeuza macho, mikono imekakamaa, anarukaruka mapajani mwa Mama. Ni degedege. Mimi ndiye ninayewafundisha kina mama wenzangu kwamba degedege huletwa na homa kali. Na unajua kilichonijia kichwani? Ile orodha. Kwenye kila mkutano tulianza kwa kuwasomea watu imani potofu, tuzitaje kwanza halafu tuzikanushe: bibi mwenye macho mekundu, bibi mjane, mtoto anayeugua akiwa mikononi mwake. Nimeisoma orodha ile mara nyingi kuliko nilivyosali rozari. Siku ile ikanijia yote, na makanusho yake hayakuja. Nilimpokonya Mama mtoto kwa nguvu mpaka kucha zangu zikamkwaruza mkono. Nikamwambia asimwangalie mwanangu. Asimwangalie kabisa.

Mama alivuta khanga aliyojitanda akaishusha mpaka puani, akabaki amekaa pale pale na mikono yake wazi.

Zahanati walimpima Blessing wakakuta malaria, akachomwa sindano, akaanza dawa. Siku ya pili alikuwa anacheka. Unaweza kusema nilishikwa na hofu, mzazi yeyote hushikwa. Sostenes aliniambia hivyo pia. Hofu ningejisamehe. Ambalo siwezi kujisamehe ni siku tisa zilizofuata. Siku zote tisa Mama alikuwa akiingia ndani na khanga imefunika macho. Alikula ameelekea ukutani. Blessing alipotambaa kumfuata, aligeuka upande mwingine, mtoto akazunguka, naye akageuka tena. Mimi niliona. Kila siku nilijiambia nitamwambia atoe khanga ile, nimpigie magoti, na kila siku nikapata kazi ya kufanya. Tena nikuambie na hili, maana nikiliacha barua hii itakuwa ya uongo: siku mbili tatu za mwanzo niliona nafuu kwamba amejifunika. Mimi mwezeshaji. Siku ya kumi, siku ya mnada, nilirudi nyumbani nikakuta amefagia chumba chake na ameondoka kuja kwako.

Mama hakusema kwa sababu ananisitiri. Amekaa kwako wiki tatu amefunga mdomo ili wewe usinichukie. Na Jumamosi mtamweka kwenye kiti, mbele ya watu na kamera, mtu atamuuliza ni nani waliomfukuza. Unafikiri atasema ni binti yake? Atadanganya. Atainamisha kichwa na kuwaacha mseme ni Maganga, ni Paskalina, ni kijiji, naye hajawahi kumsingizia mtu katika maisha yake. Maneno yale yatarudi huku kwenye simu za watu kabla ya jua kuzama. Hapo ndipo atakuwa amefukuzwa kweli, maana atarudije kwa watu aliowatangaza? Nyumba aliyojenga na Baba iko huku. Kaburi la Baba liko huku. Utakuwa umemfungia njia kwa kurasa zako sita, ukipigiwa makofi.

Usiniulize kama basi tunyamaze. Shangazi Ng'washi aliuawa na watu walionyamaza, na Mama nimemwumiza mimi nisiyenyamaza. Ninachojua ni kwamba kwa miaka minne nilizungumzia ubaya wa wengine na haikuniuma hata siku moja. Haya niliyokuandikia leo nimeyaandika mara tatu nikichana.

Kwa hiyo nakuomba, na mahali pa kuomba nikikuamuru unisamehe: mpigie Edson umwambie Mama hatakuja. Zile kurasa zitie jikoni. Kizibao changu Sostenes atakukabidhi kimekunjwa, mrudishie mwenyewe. Akisema kiti hakiwezi kubaki wazi kwa kuwa wageni wamekwisha kualikwa, mwambie nitakaa mimi, na nitawaeleza aliyemfukuza mama yangu anaitwa nani na alifundishwa wapi ile orodha. Nadhani hatataka. Na kama Maganga amekwisha kusikia habari za kurasa zako, maana najua umesoma kwa sauti kwa mtu, mtake radhi wewe mwenyewe kwa simu, leo.

Ijumaa nitapanda basi la kwanza nije na Blessing. Mama mwambie tu kwamba tunakuja, mengine nitamwambia mwenyewe, na usikae mlangoni kusikiliza. Sitamwomba arudi nyumbani siku hiyo. Hilo ni lake. Nitampakata mtoto mapajani, nimwombe Mama atoe khanga usoni amwangalie.

Nisalimie wifi Aneth, mwambie ahsante kwa kumtunza Mama bila maswali, na wanao wote kila mmoja kwa jina lake. Jirani Paskalina anakusalimu. Ameniomba niulize Mama anatumia nini kwa macho huko mjini, na kama ipo dawa nimletee na yeye. Sostenes mpe chakula kabla hujamfokea kwa ajili yangu, hana kosa. Mungu akulinde mpaka tutakapoonana.

Ni mimi mdogo wako,
Nyamizi